Handaki, nguzo au njia ya mabasi: mji unaokua uchague ipi?

Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, umekuwa ukibishania metro, yaani treni ya mjini ya kubeba watu wengi, tangu miaka ya 1940. Meya mmoja anaweka michoro mezani, anayemfuata anaikunja na kuleta yake. Gustavo Petro, aliyekuwa meya kuanzia 2012 hadi 2015, aliacha michoro ya treni ya chini ya ardhi. Enrique Peñalosa alipopokea ofisi 2016 alisema handaki ni ghali mno, treni ipite juu ya nguzo. Mkataba ulitolewa 2019 kwa muungano wa kampuni za China. Petro akarudi 2022, safari hii akiwa rais wa nchi, na akashikilia kwamba walau kipande cha barabara kuu ya Avenida Caracas kishushwe chini ya ardhi. Meya wa wakati huo, Claudia López, hakukubali, na mradi wa nguzo ukaendelea. Njia hiyo ya takriban kilomita 24 na vituo 16 imepangwa kuanza kubeba abiria 2028.

Nimeanza na Bogotá kwa sababu ndiyo iliyoubishia mjadala huu hadi mwisho: handaki, nguzo, au mabasi yaendeshwe vizuri zaidi. Kwingineko mjadala huwa ushabiki tu. Wa handaki wanawaona wenzao hawajastaarabika, wa mabasi wanawaona wenzao wanapenda sifa, na waziri anakata utepe kabla hoja haijaisha. Hapa chini nazipambanisha njia hizo tatu, na treni ya ardhini, inayopita sehemu kubwa usawa wa barabara kama ile ya Addis Ababa, naiingiza inapohitajika. Ninakoegemea nakusema mapema: handaki lichimbwe pale tu ambapo juu hapapitiki, na mradi wowote upimwe kwa gharama ya kuuendesha mwaka wa kumi kabla ya gharama ya kuujenga.

Bei ya kujenga

Kwa kipimo cha jumla, kilomita moja ya njia ya mabasi ya mwendokasi hugharimu dola milioni chache hadi kumi na kitu. Reli ya juu ya nguzo huruka hadi makumi ya mamilioni. Handaki huanzia karibu na milioni mia na kuendelea, na nchi tajiri hulipa mara kadhaa ya hapo. Metro ya Quito, Ekuador, iliyoanza kazi rasmi Desemba 2023, ina kilomita 22 na vituo 15, yote chini ya ardhi, na iligharimu kama dola bilioni 2. Hiyo ni takriban milioni 90 kwa kilomita, na kwa handaki inahesabiwa kuwa nafuu. Treni ya Addis Ababa iliyofunguliwa Septemba 2015 ilijengwa kwa dola milioni 475 kwa zaidi ya kilomita 30. Umbali mkubwa zaidi kuliko wa Quito, kwa chini ya robo ya fedha.

Watu hudhani fedha za metro huliwa na shimo refu. Sivyo. Mashine ya kuchimba ikishashushwa chini hutafuna udongo polepole huku ikipachika vipande vya zege nyuma yake, na aliye juu huenda asijue lolote. Fedha huishia kwenye vituo. Kituo cha chini ni jengo zima lililozikwa, mara nyingi lenye urefu wa mita mia na kitu, na kabla ya kulichimbia lazima uhamishe mabomba ya maji, ya majitaka, nyaya za umeme na za simu, ambazo katika miji yetu nyingi hazimo kwenye ramani yoyote. Kisha zije pampu, feni kubwa za hewa na za kuvuta moshi, ngazi za dharura, lifti, milango ya kuzuia maji. Ndiyo maana mradi ukipungukiwa fedha, kinachopunguzwa kwanza ni idadi ya vituo. Kwenye ramani njia inabaki na urefu uleule, ila mwananchi sasa anatembea robo tatu ya saa kuifikia, au anapanda pikipiki kwenda kupanda treni.

Na bei ya kwanza si bei. Utafiti wa Bent Flyvbjerg na wenzake wa Denmark, uliotoka 2002 na kupitia miradi 258 ya usafiri, ulikuta miradi ya reli ilizidi makadirio kwa wastani wa karibu asilimia 45. Njia ya kwanza ya metro ya Ho Chi Minh City, Vietnam, ina kilomita 19.7 na kati ya hizo 2.6 tu ndizo zilizo chini ya ardhi. Ujenzi ulianza 2012. Abiria walipanda Desemba 2024, na makadirio ya dong trilioni 17 yalikuwa yameshapita trilioni 43. Anayekuonyesha upembuzi yakinifu wenye bei moja isiyo na kiwango cha chini na cha juu, mwombe arudi ofisini akaumalizie.

Watu wangapi kwa saa

Hiki ndicho kipimo ambacho mjadala wa mitaani haukigusi, na ndicho kinachoamua. Njia ya mabasi yenye mstari mmoja kila upande hubeba kama abiria 10,000 hadi 15,000 kwa saa kuelekea upande mmoja. Metro nzito hubeba 30,000 hadi 60,000 na zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza si treni gani ni nzuri. Ni watu wangapi wanapita barabara hii saa moja asubuhi, waliohesabiwa na nani, na lini.

TransMilenio, mfumo wa mabasi ya mwendokasi wa Bogotá uliozinduliwa mwishoni mwa 2000 na huyohuyo Peñalosa, ulivunja mipaka ya basi. Kwenye Avenida Caracas una mistari miwili kila upande, basi la moja kwa moja linalipita lile linalosimama kila kituo, na njia hiyo imewahi kubeba zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa upande mmoja. Hiyo ni kazi ya metro, imefanywa na mabasi. Lakini itazame jioni. Milango ya vioo ya kituo inafunguka, waliomo ndani ya basi wanasukuma kutoka, walio kituoni wanasukuma kuingia, na vijana wasiotaka kulipa wanakatiza barabara mbele ya mabasi na kurukia jukwaani. Uwezo ule unapatikana kwa kuminyana. Mji ukifika hapo, kuongeza basi hakusaidii, kwa sababu basi jipya linasubiri nyuma ya mengine kuingia kituoni. Hapo ndipo hoja ya treni inaposimama kwa miguu yake.

Kinyume chake ni Abuja. Reli yake ya mjini ilizinduliwa Julai 2018, ikasimama 2020 wakati wa korona, ikarudi 2024. Hata kabla ya kusimama haikuwa na msongamano wowote, kwa sababu vituo viko mbali na waliko watu wengi. Uwezo ulikuwepo, abiria hawakuwepo. Flyvbjerg alirudi 2005 na hesabu ya abiria, na miradi tisa ya reli kati ya kumi ilikuwa imekisia abiria wengi kuliko waliokuja. Mimi makadirio ya abiria yaliyoandaliwa na anayetaka kujenga nayasoma kama ninavyosoma sifa za bwana harusi zinazotolewa na mjomba wake.

Mtaa unaachwa vipi

Wapinzani wa nguzo wana haki kuliko wanavyopewa. Jakarta ilipokuwa inaandaa MRT, metro yake, wakazi na wenye maduka wa Barabara ya Fatmawati waliandamana na kudai treni ipite chini, maana barabara yao ni nyembamba na njia ya juu ingewapitia usawa wa madirisha. Hawakusikilizwa. Treni ilianza Machi 2019 ikiwa na kilomita 15.7 na vituo 13: saba vya juu upande wa kusini, sita vya chini kwenye mhimili wa maofisi wa Sudirman na Thamrin. Wenye fedha walipewa handaki, wenye maduka madogo wakapewa nguzo. Ndivyo ilivyoonekana kwao, na sioni la kuwabishia.

Hata hivyo, ukiutazama kama uamuzi wa fedha, mgawanyo ule una akili. Cairo ilifanya jambo hilohilo mapema zaidi. Metro yake ya 1987, ya kwanza Afrika, haikuchimbwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa na reli ya ardhini kutoka Helwan kusini na nyingine upande wa kaskazini, zilizokuwa zinaishia pande mbili za katikati ya mji. Walichimba kipande kifupi cha katikati kuziunganisha, na kwa kipande hicho wakapata njia ndefu inayovuka mji mzima. Kama mji wako una reli ya zamani inayopitisha treni mbili za mizigo kwa siku, anzia hapo kabla hujamwita mtu wa mashine ya kuchimba.

Jambo moja kuhusu handaki halisemwi waziwazi: nalo linafunga barabara. Mahali pa kituo huchimbwa kutoka juu, na kwa miaka mitatu au minne duka lililo mbele ya uzio wa mabati halioni mteja. Nguzo nazo hula mstari mmoja wa barabara, lakini mafundi huhama haraka, leo hapa, miezi kadhaa baadaye wako kilomita mbele. Halafu nguzo zinabaki milele, na kivuli chake pia. Dhaka, ambako njia nambari 6 ya metro ilifunguliwa mwishoni mwa 2022 ikiwa yote juu ya nguzo, imekubali bei hiyo, na mtu aliyekuwa akikaa saa mbili kwenye basi kutoka Uttara huenda hajali sana sura ya zege.

Treni ya ardhini ndiyo inayoudhi mtaa kimyakimya. Addis Ababa reli imezungushiwa uzio, na mwenye duka upande huu na mteja wake upande ule wanatenganishwa na mwendo wa kutafuta kivuko. Unapunguza bei ya ujenzi, unawapelekea watembea kwa miguu bili.

Mwaka wa kumi

Hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu magazeti huondoka siku ya uzinduzi.

Addis Ababa ilinunua treni 41. Kwa miaka michache zilikuwa fahari ya bara, reli nyepesi ya kwanza ya mjini kusini mwa Sahara kwa zama hizi. Kisha vipuri vikaanza kukosekana. Vilitakiwa kununuliwa kwa fedha za kigeni, na Ethiopia ilikuwa na njaa ya dola. Nauli ilikuwa imewekwa chini ili maskini apande, jambo jema, ila hakuna aliyetenga ruzuku ya kutosha kujaza pengo. Treni moja ikang'olewa kifaa ili nyingine itembee, na kufikia miaka ya 2020 zilizosimama karakana zilizidi zinazofanya kazi. Reli ipo, nyaya zipo, vituo vipo. Kinachokosekana ni kifaa ambacho mtengenezaji wake ni mmoja.

Mabasi nayo yana aibu zake, tena zinaonekana mapema. Mwendokasi wa Dar es Salaam ulianza Mei 2016 kwenye njia ya Kimara hadi Kivukoni, ukapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018, na wakati huohuo abiria wa Kimara walishaanza kupanga foleni isiyokwisha kwa sababu mabasi hayatoshi. Karakana ilijengwa Jangwani, bondeni kabisa, na mvua zilipokuja maji yaliingia kwenye mabasi. Awamu ya pili ya Mbagala barabara ilikamilika na kukaa ikisubiri mabasi. Ni kero, na wanaolalamika hawakosei. Lakini pima ukubwa wa ugonjwa: dawa yake ni kununua mabasi kutoka kwa muuzaji yeyote kati ya wengi, na kuhamisha karakana. Mfumo wa treni ukikwama kwenye mitambo ya ishara au injini, unarudi kwa kampuni ileile iliyokuuzia, na bei anaitaja yeye.

Handaki linaongeza mzigo wa peke yake. Pampu zinafanya kazi usiku na mchana, kuwe na abiria au kusiwe na abiria. Feni lazima zizunguke. Taa haziwezi kuzimwa eti jua limetoka. Jakarta, mji unaofurika, iliinua milango ya vituo vya chini juu ya usawa wa maji na kuweka vizuizi, na ilifanya vyema. Mji ambao umeme unakatika na mitaro imejaa taka unapaswa kujiuliza nani atakuwa zamu ya jenereta. Kisha ngazi. Kituo kikiwa mita 25 chini, ngazi za umeme si mapambo. Zikikaa mwezi mmoja bila fundi, mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi anapanda kama ghorofa nane kwa miguu, na safari yake ya kilomita sita haikupungua hata dakika moja ukilinganisha na basi.

Usitegemee nauli ikulipie haya. Quito inatoza senti 45 za dola kwa safari, na huwezi kuendesha metro kwa hizo peke yake, manispaa inaongeza. Hilo si kosa. Karibu kila metro duniani inaongezewa, isipokuwa chache kama ya Hong Kong inayojenga na kupangisha majengo juu ya vituo vyake. Kosa ni kuliacha pengo bila jina kwenye bajeti.

Deni liko kwa sarafu gani

Mkopo wa Japani, ambao ndio uliojenga Jakarta na Dhaka, huwa wa miaka mingi na riba ndogo, lakini mara nyingi huja na sharti kwamba wakandarasi na vifaa vingi vitoke Japani, na hapo riba ndogo inarudi kwa mlango wa bei. Benki ya Exim ya China ilibeba asilimia 85 ya treni ya Addis. Masharti hayo hujadiliwa sana. Sarafu haijadiliwi, na ndiyo inayouma.

Julai 2024 Ethiopia iliiachia birr ijitafutie bei sokoni. Dola iliyokuwa birr 57 ilipita 100 ndani ya wiki chache. Kila deni la dola likawa karibu maradufu kwa anayekusanya nauli ya birr, bila behewa jipya hata moja kuongezeka. Quito haina shida hiyo kwa sababu Ekuador inatumia dola tangu 2000. Inakopa na kukusanya nauli kwa sarafu moja. Mtu akikuambia tuige Quito, hiyo ni sehemu ya Quito ambayo hatuwezi kuiga.

Basi nani achukue nini

Mji ambao barabara yake yenye watu wengi kuliko zote haifikishi abiria 15,000 kwa saa kuelekea upande mmoja uchukue mabasi, na fedha zinazobaki ziende kwenye mabasi ya akiba, karakana isiyofurika na daladala za kulisha njia kuu zilizoingizwa kwenye mkataba badala ya kufukuzwa. Miji mingi yenye mjadala wa metro iko hapa, hata kama haipendi kusikia. Mabasi yana sharti moja gumu: polisi na wanasiasa waheshimu njia yake. Kama msafara wa kila mkubwa utapita humo, umejenga barabara ya wakubwa.

Mji uliokwisha jaza mabasi kama Bogotá, wenye barabara kuu pana, uweke nguzo na usione haya. Bogotá yenyewe sasa imepanga njia ya pili, ya kwenda Suba, ipite karibu yote chini ya ardhi, na sina ugomvi nayo: wanachimba baada ya kujifunza kuendesha, si kabla.

Handaki tangu mwanzo linawafaa wachache. Quito ni mmojawapo. Ni mji mrefu na mwembamba uliobanwa na milima, kwa hiyo njia moja inagusa sehemu kubwa ya watu. Mji wake wa kale ni urithi wa dunia tangu 1978, huwezi kusimamisha nguzo mbele ya kanisa la San Francisco. Na kabla ya metro ulikuwa umeendesha mabasi ya umeme kwenye njia yake maalumu tangu 1995. Ukiwa na mambo hayo matatu, chimba. Ukiwa na moja, fikiri tena.

Na chochote utakachochagua, gombania kipande cha kwanza kuliko ramani nzima. Lima, Peru, ilianza reli yake 1986 chini ya Rais Alan García, ikaanzia pembezoni kusini, fedha zikaisha, na kilomita chache zilizojengwa hazikufika popote ambako mtu alihitaji kwenda. Zilikaa miaka ishirini hivi. Huyohuyo García alirudi madarakani na kuifikisha mjini 2011. Algiers ilianza kuchimba 1982 nayo ikafungua 2011. Lagos, ambayo metro yake ilifutwa na serikali ya kijeshi 1985, iliporudi tena ilifungua kilomita 13 tu mwaka 2023, kutoka Mile 2 hadi Marina, ila kilomita hizo zinavuka maji na kumshusha mtu kisiwani kwenye kazi yake. Vituo ni vitano na njia bado haijakamilika, na tangu siku ya kwanza kuna wanaoipanda.